Jogoo abaki: namna ya kuhamishia kanda za kaseti za nyumbani kwenye kompyuta

Wimbo wenyewe usikuumize kichwa. Nyimbo nyingi za bendi zilizopigwa redioni enzi zetu leo unazipata YouTube, tena kwa sauti safi kuliko iliyomo kwenye kanda yako. Thamani ya kanda iliyorekodiwa nyumbani iko kwenye yale ambayo mwenye kurekodi hakuyataka: jogoo wa jirani, mama akimwita mtu akachote maji, mtangazaji anayeingilia wimbo kabla haujaisha, mlio wa kitufe kinapobanwa na kuachiwa. Hayo huyapati YouTube, na utepe ukishaoza huyapati popote.

Kwa hiyo haya ni maelekezo ya kuhamisha kanda huku jogoo akibaki humo humo.

Mimi nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi, na kwa kuwa inajulikana nina redio kaseti nzima, watu huniletea kanda zao kwenye maboksi ya viatu. Nimekulia Ujiji, nyumba ya redio moja na ndugu wengi. Redio ilikuwa ya baba, National yenye spika moja, lakini kanda zilikuwa za kaka yetu wa kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa kidole juu ya kitufe chekundu akisubiri mtangazaji amalize kutaja jina la bendi. Alirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na usiku aliizungusha sindano kwenda ng'ambo ya ziwa, Burundi na Zaire, ambako rumba haikulala. Bibi, ambaye lugha yake ilikuwa Kiha, kinachofanana na Kirundi, alielewa taarifa ya habari ya Bujumbura vizuri kuliko sisi watoto tulivyoelewa ile ya Dar.

Kabla hujabonyeza chochote

Usiichukue kanda iliyolala kabatini miaka ishirini ukaitumbukiza redioni papo hapo. Itazame kwanza kwenye mwanga. Kile kidirisha cha katikati kitakuonyesha utepe ulivyojikunja. Ukiona unga mweupe au nyuzinyuzi kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu, na kwetu huku ziwani ukungu ni kawaida, hasa kwa kanda zilizopita masika baada ya masika kwenye nyumba inayovuja. Kanda ya namna hiyo iweke kando, mbali na wenzake. Ukiipiga, ukungu unahamia kwenye hedi ya redio, yaani kile kichuma kinachosoma utepe, na hedi inaupeleka kwenye kanda inayofuata. Kazi hii mimi naifanya kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu. Utepe wenye ukungu kidogo unaufuta taratibu kwa kitambaa laini kikavu huku ukiuzungusha kwa mkono, nje ya nyumba, umefunga pua na mdomo. Ukiwa mwingi, tafuta fundi.

Angalia pia kile kipande kidogo cha sufi kilichokaa juu ya bati jembamba, pale utepe unapopita mbele, katikati. Kazi yake ni kuubana utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka, kikadondoka, na kanda ikaanza kutoa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Watu wengi huitupa kanda hapo, wakati dawa yake ni kuhamisha utepe. Chukua kanda nyingine isiyo na maana, ya skrubu tano, ifungue kwa bisibisi ndogo, toa utepe wake, weka wa kwako kwa mpangilio ule ule. Fanyia mezani penye kitambaa cheupe, maana kuna virola viwili vidogo vya pembeni ambavyo vikianguka kwenye sakafu ya udongo hutaviona tena. Kanda zilizogandishwa kwa gundi badala ya skrubu hupasuliwa taratibu kwenye mshono kwa kisu chembamba.

Nyuma ya kanda, kwenye ukingo wa juu, kuna vijino viwili vya plastiki. Vikiwa bado vipo, vivunje. Redio haitaweza tena kurekodi juu yake hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu. Zamani tulifanya kinyume: kanda ya kwaya ya mtu ikishavunjwa vijino, tunaziba matundu kwa karatasi ya daftari na kurekodi muziki wa dansi juu yake. Ndiyo maana kwenye kanda nyingi za hapa Kigoma wimbo wa bendi ukiisha ghafla unakutana na nusu ya pambio.

Halafu izungushe kanda yote mpaka mwisho, uirudishe mpaka mwanzo, bila kuipiga. Utepe uliokaa miaka unakuwa umegandana, na mzunguko huo unaulegeza na kuusawazisha. Kama huiamini mota ya redio yako, peni ya Bic inakaa sawasawa kwenye tundu. Kanda za C60, dakika thelathini kila upande, na C90, dakika arobaini na tano, kwa kawaida huvumilia. C120 zina utepe mwembamba mno. Hizo zizungushe kwa mkono na uziombee.

Utepe uliokatika unaungwa kwa selotepu maalumu ya kuungia kanda. Selotepu ya dukani inashika siku ya kwanza, kisha gundi yake inachuruzika kwa joto na kugandisha mizunguko jirani.

Redio na waya

Redio kaseti nzuri ya mitumba bado inapatikana ukiuliza kwa mafundi redio. Usinunue kwa sura. Nenda na kanda unayoijua, ipige dakika kumi nzima, usikilize kama sauti inayumba. Ikiyumba, mara nyingi ni mkanda wa mpira wa ndani umelegea, na fundi anaubadilisha. Hedi na kile kirola cha mpira kinachovuta utepe visafishe kwa pamba iliyochovywa spiriti, subiri vikauke, ndipo uweke kanda. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, rudia. Mimi nasafisha kila baada ya kanda chache, na baada ya kanda chafu nasafisha hapo hapo.

Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Kama sauti imefifia, hasa matoazi na "s" za mwimbaji, igeuze kidogo sana huku unasikiliza, robo mzunguko kwenda, robo kurudi, mpaka sauti ifunguke. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na hedi iliyokaa kwa namna yake, kwa hiyo kila kundi la kanda lina mahali pake. Kanda zote za kaka zinafunguka mahali pamoja. Kanda za wateja kila moja na tabia zake.

Waya ni ule wenye pini ndogo kila upande, unaouzwa na vifaa vya simu. Upande mmoja kwenye tundu la hedifoni la redio, mwingine kwenye kompyuta. Kompyuta ya mezani ina tundu la bluu nyuma, hilo ndilo. Laptopu nyingi zina tundu moja tu la hedifoni na maiki, na hilo linakoroga sauti. Nunua kile kidude kidogo cha USB chenye matundu mawili ya sauti. Ni cha bei ya chini na kinatosha. Kama huna chochote katika hivi, weka simu karibu na spika, chumba kimya, urekodi hivyo hivyo. Sauti haitakuwa nzuri, lakini mama yako akiongea utamsikia.

Kama unasikia mvumo mzito chini ya kila kitu, huo ni umeme unaozunguka kati ya redio na kompyuta. Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri yake. Mvumo ukibaki, redio nayo iweke betri mpya.

Kurekodi

Programu ninayotumia ni Audacity, ya bure, hata kompyuta ya zamani inaibeba. Kwenye vipimo vya ubora wa sauti weka hezi 44,100 na biti 16, hifadhi kama WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa. Dakika moja ya stereo ni kama megabaiti kumi na nusu, kwa hiyo C90 nzima inakaribia megabaiti 950. Redio yenu ikiwa ya spika moja kama yetu, rekodi mono na ukubwa unapungua nusu. MP3 tengeneza baadaye, ya kuwatumia ndugu. Ya kutunza iwe WAV.

Sauti ya redio iweke katikati, kisha tazama mistari inayorukaruka kwenye skrini. Pale penye kelele kubwa kuliko zote isipite alama ya desibeli sita chini ya sifuri. Ikigonga juu, sauti inapasuka, na mpasuko huo hautengenezeki. Zima arifa za kompyuta. Kisha bonyeza rekodi kwanza, ndipo upige kanda, uiache iende upande mzima bila kusimamisha. Usirukie nyimbo. Usisimamishe ukidhani upande umekwisha, kwa sababu baada ya kimya kirefu ndipo mara nyingi kuna mtoto aliyebonyeza kitufe akajifanya mtangazaji. Mimi mwenyewe nimo mwishoni mwa kanda moja ya bendi, nikisoma taarifa ya habari ya vifo vya kuku wa nyumbani kwetu, kwa sauti nzito kabisa, na mdogo wangu akipiga sufuria badala ya ile ngoma ya Radio Tanzania.

Kasi, na habari ya betri

Hapa pana utamu ambao maelekezo ya Ulaya hayautaji, kwa kuwa wao walirekodi kwa umeme wa ukutani.

Sisi tulirekodi kwa betri. Zilikuwa National, zilizotengenezwa Dar es Salaam, na hazikutupwa zilipoisha. Zilianikwa juani juu ya bati, zikang'atwa kidogo pembeni, zikarudishwa redioni kwa saa nyingine moja ya muziki. Betri ikichoka, mota inazunguka polepole. Redio inaendelea kurekodi, ila utepe unapita taratibu. Ukija kuipiga kanda hiyo leo kwa umeme kamili, kila kitu kinakwenda mbio: mtangazaji mwenye sauti ya mzee wa boma anakuwa kijana aliyechelewa treni, na gita la solo linachanganyikiwa. Nawaambia wateja kanda yao haijaharibika, ina njaa ya betri tu.

Kutengeneza ni hesabu ndogo. Tafuta kwenye kanda wimbo mmoja uliokamilika ambao unapatikana pia mtandaoni katika toleo lile lile. Pima urefu wa wote wawili kwa sekunde. Tuseme wa mtandaoni una sekunde 300 na wa kwenye kanda una 285. Gawa 285 kwa 300, unapata 0.95, maana yake punguza kasi asilimia tano. Kwenye Audacity kuna sehemu ya kubadili kasi na sauti pamoja. Tumia hiyo. Ile inayobadili kasi peke yake bila kugusa uzito wa sauti haifai hapa. Kisha sikiliza sauti ya mtu unayemjua, siyo muziki. Ukiona kaka yako anasikika kama kaka yako, umefika.

Shida ni kwamba betri huchoka polepole. Mwanzo wa upande uko sawa, mwisho unakimbia. Gawa faili vipande vya kama dakika kumi kumi, kila kimoja ukipe asilimia yake. Inachosha. Kwa kanda za kawaida situmii muda huo. Kwa kanda yenye sauti ya marehemu natumia siku nzima kama inahitajika.

Na lile faili la mwanzo, lisiloguswa, hifadhi vile vile lilivyo.

Usisafishe

Mzee mmoja wa Gungu aliniletea kanda akasema, "Mwanangu, nitolee hizo kelele, unibakishie muziki." Nikamwambia, "Sawa baba, nitakupa mbili, yenye kelele na isiyo na kelele." Alirudi baada ya wiki kuulizia ile yenye kelele iko faili gani, kwa kuwa mkewe alikuwa amesikia humo mlio wa cherehani yake ya zamani.

Programu za kuondoa mchakacho hazijui tofauti kati ya mchakacho wa utepe na mvua juu ya bati. Zote kwao ni takataka. Ukiziachia, zinaondoa mvua, zinaondoa watoto wa nje, zinamwacha mwimbaji peke yake anaongea ndani ya bomba. Wimbo uliokwisha safishwa hivyo hauna tofauti na ule wa YouTube, isipokuwa ni mbaya zaidi.

Kuna kanda ya kaka, C60, ambayo upande wa pili una kipindi cha salamu. Wa umri wangu mnajua kadi za salamu: unanunua kadi, unaandika jina lako, unaorodhesha unaowasalimu na ujumbe wako, unaipeleka posta, halafu nyumba nzima inakaa redioni wiki kadhaa ikisubiri. Kwenye kanda hiyo mtangazaji anasoma kadi ya Mtwara, anasoma ya Singida, kisha anasema Ujiji, Kigoma. Jina la ukoo wetu analivunja vipande viwili. Anaanza kuwataja waliosalimiwa. Mlango wa bati unalia. Mama anaingia na kuuliza kwa sauti ya kutafuta mtu, "Nani kanywa uji wa mtoto?" Kaka anapiga "Shhh!" ndefu, karibu kabisa na maiki, na hiyo "shhh" ndiyo iliyofunika jina la mwisho. Dada yetu wa tatu anashikilia mpaka leo kwamba jina lile lilikuwa lake. Kaka alifariki bila kukiri. Nilishajaribu kuipunguza "shhh" kwenye kompyuta niamue kesi, haitoki, na nimekwisha kuamua kutojaribu tena.

Kujua kanda ni ya mwaka gani

Karatasi ya nje mara nyingi haina msaada. Kaka aliandika "Mchanganyiko 4" na "Moto". Sikiliza kilichomo.

Jina la kituo ndiyo alama ya kwanza. Mpaka miaka ya mwanzo ya tisini kituo cha Tanzania Bara kilikuwa kimoja, Radio Tanzania. Redio binafsi ziliingia 1994, Radio One ikiwa miongoni mwa za kwanza. Ukisikia TBC, ni 2007 au baadaye. Mtangazaji akisema Zaire, ni kabla ya Mei 1997, nchi ilipobadili jina kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Misiba inasaidia sana, kwa sababu redio ilibadilika sura. Franco wa TP OK Jazz alipofariki Oktoba 12, 1989, Zaire walitangaza siku nne za maombolezo na redio yao ikawa ni yeye tu. Tunayo C90 ambayo pande zote mbili ni Franco, hakuna bendi nyingine, na katikati mtu anaongea Kifaransa kwa sauti ya chini. Kwa muda mrefu nilidhani ni mapenzi ya kaka kwa Franco, mpaka baba mdogo aliposikia akasema, "Hiyo ni ile wiki ya msiba." Vivyo hivyo kama kanda ya Dar ina nyimbo za maombolezo mfululizo, fikiria kuzama kwa MV Bukoba, Mei 21, 1996, au kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 14, 1999.

Mpira nao hausemi uongo. Simba walicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan mwaka 1993, wakafungwa mbili bila hapa nyumbani. Baba mdogo ana kanda ya mchezo huo na amekataa katakata nisiiguse mbele yake.

Bendi peke yake isikudanganye. Wimbo wa Mbaraka Mwinshehe unaweza kuwa umerekodiwa miaka kumi baada ya kifo chake 1979, kwa kuwa redio haikuacha kuupiga. Mwaka wa wimbo na mwaka wa kanda ni vitu viwili. Unachotafuta ni mwaka ambao jogoo aliwika.

Kanda za video

Kwa kanda za VHS sitasema mengi, kwa sababu nyumba nyingi hapa hazikuwa na deki. Tanzania Bara ilipata kituo cha kwanza cha televisheni 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Kwa hiyo sisi wa bara tuliozaliwa sabini na kitu tulijua video kabla ya televisheni. Ilikuwa banda la video: mabenchi, jenereta inayonguruma nyuma, shuka jeusi mlangoni, picha ya Kichina au ya Kihindi, na nje kundi la wasio na kiingilio wanaofuata hadithi kwa masikio. Baadaye zikaja kanda zenye Lufufu akifafanua filamu kwa Kiswahili juu ya mazungumzo ya waigizaji. Wale wa nje wakashiba kama wa ndani.

Kilichobaki majumbani ni zaidi harusi, na kwa wachache vipindi vilivyorekodiwa kutoka televisheni. Hivyo vya televisheni msivipuuze. Mtu alirekodi tamthilia, lakini leo kilicho adimu ni matangazo ya biashara na taarifa ya habari iliyoanza kabla hajazima deki.

Unahitaji deki iliyosafishwa na fundi, waya wa njano, nyeupe na nyekundu, na kidude cha USB cha kunasa video. Mambo mengine ni kama ya kaseti: zungusha mpaka mwisho na kurudi, rekodi yote bila kukata. Kanda ya E-180 ni saa tatu, kwa hiyo hakikisha diski ina nafasi. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe huku mwenye kanda anasema ilikuwa ya rangi, muulize ilitoka wapi. Za Ufaransa, na nyingine zilizovuka kutoka ng'ambo ya ziwa, zilirekodiwa kwa mfumo wa SECAM, na deki zetu nyingi ni za PAL. Kanda nzima, deki ndiyo haiielewi.

Kuwasikilizisha wakubwa

Faili likiwa tayari, usilitume WhatsApp kwanza. Nenda nalo kwa mtu aliyekuwepo, lipige, na simu yako iwe mezani inarekodi. Watu wakiulizwa "mlikuwa mnasikiliza nini zamani" watakutajia bendi tatu, wanyamaze. Wakisikia mtangazaji mwenyewe, wanaanza wenyewe.

Maswali yangu huwa ya vitu, siyo ya hisia. Redio ilikaa wapi, na ilikuwa imefunikwa kitambaa gani? Nani aliruhusiwa kuigusa baba akiwa safarini? Betri zilinunuliwa na nani? Majirani gani walikuja kusikiliza, na walikaa ndani au kibarazani? Televisheni ya kwanza mliiona kwa nani, na mliingia na viatu au bila? Swali la viatu halijawahi kuniangusha. Shangazi alijibu hilo kwa nusu saa, na ndani yake mkawa na ugomvi wa wifi ambao hakuna aliyewahi kunisimulia.

Wakibishana, waache. Usiwe refa. Andika majina ya waliokuwepo na tarehe, hifadhi mabishano yao pamoja na faili la kanda.

Na hao wapwa zako wanaodhani muziki wa Kigoma ulianza 2012 na Kigoma All Stars, waite wakae.

Kutunza

Jina la faili liwe na mwenye kanda, mahali, mwaka wa kukisia, upande: "kaka-ujiji-1989-upandeA". Piga picha kanda yenyewe na karatasi yake, pande zote, uweke kwenye folda hiyo hiyo.

Nakala ziwe tatu. Flashi siyo mahali pa kutunzia, ni chombo cha kubebea. Moja iwe kwenye diski ya nje, moja mtandaoni kama bando linaruhusu, moja kwa ndugu wa mji mwingine. Yetu iko kwa mdogo wangu Tabora. Nyimbo za bendi usizipandishe mtandaoni kwa jina lako, zina wenyewe na sheria ya hakimiliki ipo. Sauti za nyumbani nazo waulize waliomo kabla hujazitoa nje ya ukoo.

Kanda usiitupe baada ya kuihamisha. Izungushe mpaka mwisho wa upande, iweke kwenye kasha lake, isimame wima kama kitabu, mbali na spika maana zina sumaku, na mbali na ukuta unaopigwa jua la mchana. Redio nayo ukimaliza kazi toa betri. Zikivujia ndani zinakula shaba ya kwenye kitanda cha betri, na mafundi wanaojua kuirudishia wanazidi kupungua hapa mjini.